Kambi ya mwezi wa sita: kisa cha familia moja ya Ujiji

Kisa hiki ni cha familia moja ya Ujiji ninayoifahamu kwa karibu, na mama wa familia hiyo ameniruhusu kukieleza ili mradi nisitaje majina ya watu wala ya kambi zinazohusika. Kilitokea katika likizo ya mwezi wa sita mwaka 2024. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Kigoma, na kwa kuwa shuleni ninashughulikia malezi na ushauri nasaha, wazazi huniuliza mambo mengi yasiyohusu masomo. Mama huyu alinijia jioni moja, tukaamkiana, akakaa, kisha akanifungulia simu yake na kunionyesha matangazo matatu aliyotumiwa kwa WhatsApp. Aliuliza swali fupi: kati ya kambi hizi tatu, watoto wake waende ipi? Jibu nililompa lilikuwa sahihi kwa upande mmoja na pungufu kwa upande mwingine, na upungufu huo ndio ulionisukuma kuandika.

Watoto ni wawili. Binti alikuwa na miaka 16 na alikuwa kidato cha tatu. Mdogo wake wa kiume alikuwa na miaka 14, kidato cha kwanza. Mama hununua dagaa katika mwalo wa Kibirizi, akawaanika na kuwauza kwa wafanyabiashara wanaowasafirisha kwa treni na kwa malori. Baba ni fundi wa injini za boti. Wanaolifahamu Ziwa Tanganyika wanakumbuka kwamba mwaka huo ziwa lilifungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Kwa nyumba hii maana yake ilikuwa kwamba dagaa hawakuwapo, na injini zisizokwenda ziwani haziharibiki, kwa hiyo mama na baba walikosa kipato kwa wakati mmoja. Mama aliamua kwenda Kasulu na Buhigwe kununua maharage ili familia isilale njaa, na safari hizo zingemchukua siku nyingi. Watoto wangebaki na bibi yao, ambaye ni mtu mzima sana na miguu inamsumbua. Kambi basi haikuwa anasa. Ilikuwa njia ya kupata mahali salama pa watoto wakubwa katika wiki ambazo nyumba ingekuwa karibu tupu, tena ililazimu kulipiwa katika kipindi ambacho fedha zilikuwa adimu kuliko wakati wowote wa mwaka.

Bibi aliposikia neno kambi alishtuka. Aliuliza, "Kambi ya nini tena? Kwani wajukuu wangu wamekimbia vita?" Mtu wa mkoa mwingine anaweza asielewe, lakini katika mkoa wetu neno hili lina historia yake. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo, na baadaye Nduta na Mtendeli zikapokea maelfu kutoka Burundi. Kwa wazee wetu, kambi ni mahali mtu anapokula anachopewa na kulala anapopangiwa. Tulimweleza kwamba hii ni kambi ya likizo, watoto watacheza na kujifunza. Alitikisa kichwa, akauliza, "Sawa, nani atawapikia? Na usiku nani atalala nao?" Tulimjibu haraka kwamba kuna wapishi na kuna matroni, tukaendelea na mazungumzo yetu. Naomba msomaji alishike swali hilo la pili, kwa sababu nitalirudia.

Kabla ya kuzieleza kambi zenyewe, ni vizuri kusema kambi za aina hii zimetoka wapi, kwa kuwa baadhi ya matatizo yake yanatokana na kuigwa nusunusu. Huko Marekani likizo ndefu ya shule huangukia miezi ya joto, na desturi ya kuwapeleka watoto kambini wakati huo ni ya zamani. Mara nyingi hutajwa mwaka 1861, ambapo mwalimu Frederick Gunn wa Connecticut aliwachukua wanafunzi wake wakaishi kwenye mahema kwa wiki mbili hivi. Mwaka 1907 huko Uingereza Baden-Powell naye aliwakusanya wavulana wapatao 20 katika kisiwa cha Brownsea, akawagawa katika vikundi vidogo, kila kikundi na kiongozi wake kijana, na hapo ndipo ilipoanzia skauti tunayoifahamu hadi leo mashuleni kwetu. Kambi nyingi zilizofuata zilirithi mambo mawili: idadi ya watoto kwa mlezi mmoja inajulikana, na kijana mkubwa hachukuliwi kama mtoto mdogo, bali hupewa nafasi ya kujifunza kuongoza chini ya mtu mzima. Chama cha kambi cha Marekani, kwa mfano, kinapendekeza kwamba katika kambi za kulala, watoto wa miaka 9 hadi 14 wawe na mlezi mmoja kwa kila watoto 8, na wa miaka 15 hadi 18 mlezi mmoja kwa kila 10. Sisi tumechukua jina, fulana na nyimbo za kuzunguka moto. Mengine huwa hatuyaulizi.

Kambi ya kwanza katika simu ya mama ilikuwa ya masomo, katika shule moja ya bweni ya binafsi, kwa wiki tatu na ada ya shilingi 180,000 kwa kila mtoto. Ratiba yake ilianza saa kumi na moja alfajiri na kuishia saa nne usiku, na masomo yote yalikuwamo. Mama aliipenda kwa sababu mwaka uliokuwa ukifuata binti angekuwa kidato cha nne, na mdogo wake angefanya upimaji wa kidato cha pili. Sikuona sababu ya kuichagua. Binti yule alikuwa anafanya vizuri katika masomo karibu yote isipokuwa hisabati, na mtoto mwenye shida ya somo moja hatibiwi kwa kurudishwa darasani kwa masomo tisa katika mwezi ambao amepewa apumzike. Tulikubaliana atafutiwe mwalimu wa hisabati mwezi wa saba, na jambo hilo halikutuchukua dakika kumi.

Ya pili ilikuwa kambi ya dini, ya siku saba, ikimalizika kabla ya Sikukuu ya Idd el-Hajj ambayo mwaka huo iliangukia katikati ya mwezi wa sita. Ada ilikuwa shilingi 30,000, mahali ni pa kutembea kwa miguu kutoka nyumbani, na ustadhi aliyeisimamia aliwafundisha wazazi wenyewe walipokuwa wadogo. Ya tatu iliitwa kambi ya mazingira na stadi za maisha: siku kumi katika eneo la ufukweni kusini mwa mji, kuanzia baada ya Idd, kwa shilingi 150,000, pamoja na safari ya siku moja kwa boti kwenda Hifadhi ya Gombe. Tangazo lake lilikuwa na picha ya sokwe na maandishi makubwa, nalo lilisema linapokea watoto wa miaka 10 hadi 17.

Umri huo mpana ulikuwa jambo la kwanza kunitia shaka. Mtoto wa miaka 10 na wa miaka 17 hawachezi mchezo mmoja, hawalali saa moja, wala hawahitaji uangalizi wa namna moja. Kambi inapowachanganya, mara nyingi huwa imewaandalia programu wale wadogo, na wakubwa ama hukaa pembeni na simu zao hadi siku zinakwisha, ama hugeuzwa kuwa wafanyakazi wasiolipwa. Ndiyo maana nilitaka kuzungumza na binti mwenyewe, tena bila mama yake kuwapo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na sheria hiyohiyo inampa mtoto anayeweza kuwa na maoni haki ya kuyatoa na kusikilizwa katika mambo yanayohusu ustawi wake. Nyumbani sheria hii tunaisahau kwa urahisi, kwa sababu tumezoea kwamba mtoto huambiwa anakokwenda, hashauriwi.

Binti alikaa kimya kwa muda, kisha akaniambia, "Mwalimu, mimi sitaki kwenda kuchezeshwa. Nikienda, niende nikiwa na kazi." Nilimwuliza kazi gani. Akasema anajua kuogelea vizuri kuliko wavulana wengi wa darasani kwao, kwa kuwa alipokuwa mdogo alikaa kwa mjomba wake huko Katonga, kando ya ziwa, na angependa kuwafundisha wasichana wadogo. Nilipomwuliza mdogo wake, jibu lake lilikuwa fupi zaidi: anataka kwenda kwa sababu dada anakwenda. Huyu hakujua kuogelea hata kidogo. Wasiokaa hapa hushangaa kusikia hivyo, lakini Ujiji na Mwanga zimejaa watoto wanaoliona ziwa kila siku na hawajawahi kuliingia kupita magoti.

Tulikwenda kuiona kambi ya tatu, mimi na mama, siku ya Jumamosi. Nawasihi wazazi wote wafanye hivyo, na wasiridhike na mapokezi ya ofisini. Tuliomba kuona stoo. Jaketi okozi zilikuwa zimerundikwa nyuma ya magunia ya mkaa. Tulizihesabu zikawa 19, na kati ya hizo sita hazikuwa na mikanda ya kufungia. Nilivaa moja ambayo ilionekana nzima, mama akaivuta juu kwa mikono miwili kama maji yanavyoivuta, ikanipita puani na kubaki mikononi mwake. Ilikuwa ya mtu mnene, na haikuwa na mkanda wa kupita katikati ya miguu. Mtoto wa miaka 11 angechomoka ndani yake kama dagaa kwenye wavu uliochanika. Kijana aliyetutembeza aliona haya, akasema safari zote zilizopita zilikwisha salama. Sikumlaumu, lakini nilimwambia kwamba mwezi wa sita si mwezi wa kuliamini ziwa. Kiangazi hutudanganya kwa anga safi, ilhali ni katika miezi hii, kuanzia Mei hadi Septemba, ndipo upepo wa kusi unapovuma kwa nguvu na kuinua mawimbi. Isitoshe, kingo za ziwa letu si za kuteremka polepole. Hili ni ziwa la bonde la ufa lenye kina cha hadi mita 1,470, na sehemu nyingi hatua chache kutoka ufukweni zinatosha kumfanya mtoto akose pa kukanyaga.

Mkuu wa kambi alifika baadaye, na kwa kweli alitusikiliza vizuri kuliko nilivyotarajia. Nilimwuliza walezi wangapi kwa watoto wangapi. Akasema sita kwa watoto 48, yaani mmoja kwa wanane. Hesabu ilipendeza, nikamwomba anitajie kila mmoja anafanya nini. Wawili walikuwa wapishi. Walezi halisi basi walikuwa wanne, kila mmoja kwa watoto 12, na usiku mmoja wao alikuwa akirudi kwake. Hakuwa na nia ya kudanganya. Alihesabu watu wazima waliopo, kama wengi wanavyohesabu. Baada ya mazungumzo marefu alikubali kupunguza watoto wawe 40, kuwaongeza walezi wawili waliokuwa wakisomea ualimu, na kununua jaketi okozi mpya za vipimo vitatu. Kuhusu Gombe, tulimkumbusha kwamba kuna umri wa chini unaoruhusiwa kwa wanaokwenda kuwaona sokwe, kwa hiyo asiwaahidi watoto wa miaka 10 jambo ambalo langoni watazuiwa. Tulimweleza pia kwamba mtoto mwenye mafua asipelekwe kabisa, kwa kuwa sokwe huambukizwa maradhi ya binadamu. Mwaka 1966 sokwe wa Gombe walikumbwa na polio, na baadhi walikufa au kulemaa. Alikuwa analijua jambo hilo la maradhi. La umri hakuwa amelifuatilia, akaandika.

Hapo ndipo nilipomtajia binti. Mkuu wa kambi alipendekeza awe kiongozi wa kundi la wasichana wadogo: ahudhurie mafunzo kwa Jumamosi mbili, alipe nusu ya ada, na awe chini ya matroni. Mama alifurahi sana kwa sababu ya ile nusu ya ada, kisha akasema jambo ambalo wazazi wengi wangelisema: "Basi na mdogo wake aende hukohuko, dada yake atamwangalia." Nilimpinga, na bado naamini nilimpinga kwa haki. Binti huyu humwangalia mdogo wake mwaka mzima. Ndiye anayempikia wakati mama yuko Kibirizi, na ndiye anayemfulia. Kumpa kundi la wasichana na juu yake kumwongezea mdogo wake ni kumhamishia kazi za nyumbani ufukweni na kumlipisha shilingi 75,000. Isitoshe, mvulana wa miaka 14 asiyejua kuogelea, anayekwenda mahali kwa kumfuata dada, hajachagua kitu, amefuata tu. Tukakubaliana aende kwenye kambi ya dini, alale mahali pa watu wanaomjua kwa siku saba, arudi nyumbani Idd, kisha abaki na bibi na kumsaidia. Baba alipoelezwa alisema tu, "Mwalimu ameona mbali," na nilijivunia maneno hayo kwa wiki mbili.

Niliona matroni wa kambi, nikaona kitambulisho chake na barua ya shule aliyowahi kufanyia kazi, nikaridhika kwamba ni mtu mwenye uzoefu. Niliuliza kuhusu vyandarua, vyoo, maji ya kunywa, na kama taulo za kike zipo kwa ajili ya wasichana watakaopata hedhi wakiwa kule, kwa kuwa kwa mabinti wa miaka 11 na 12 inaweza kuwa mara ya kwanza na mbali na mama. Niliuliza mambo mengi. Nilidhani nimemaliza.

Siku ya tatu ya kambi, ambayo ilikuwa siku ya kwenda Gombe, kusi ilivuma tangu alfajiri. Boti ilikuwa imekodiwa na chakula kimefungwa. Mkuu wa kambi alisimama ufukweni kwa nusu saa, akazungumza na nahodha, kisha akaifuta safari. Watoto walilia, na baadhi ya wazazi walipiga simu wakidai sehemu ya fedha zao irudishwe, wakisema boti za abiria zilikuwa zikiondoka Kibirizi kama kawaida. Mimi nilimpigia kumshukuru. Sijui alama bora ya kambi nzuri kuliko mtu mzima anayeweza kukubali kuchukiwa na watoto 40 na wazazi wao kwa siku moja kwa sababu ya mawimbi. Hifadhi inafikika kwa maji tu na haikuhama; walikwenda siku ya nane, waliotimiza umri wakapanda msituni na mwongozaji, na waliobaki wakakaa ufukweni wakiwaangalia nyani, ambao walifanikiwa kuiba mkate mmoja mzima.

Usiku wa sita ndio ulionifundisha.

Bweni la wasichana lilikuwa na watoto 17, wengi wao wa miaka 11 hadi 13, na binti yetu akiwa kiongozi wao. Chumba cha matroni kilikuwa ng'ambo ya ua, karibu na jiko. Kila usiku saa nne matroni alihesabu watoto, akazima taa, akafunga mlango wa bweni kwa nje na kwenda na ufunguo. Alifanya hivyo kwa nia njema, ili mtu asiingie. Kama saa nane usiku mtoto mmoja alianza kutetemeka. Binti alimgusa akamwona ana joto kali. Alimpa maji, akalowesha kanga yake na kumfuta, akamkalisha. Mtoto alitapika, kisha akaanza kusema maneno yasiyoeleweka. Binti alikwenda mlangoni, akaukuta umefungwa. Alipiga mlango kwa viganja. Matroni hakusikia, kwa kuwa jenereta ya majirani ilikuwa ikinguruma na ua ni mpana. Watoto wengine waliamka na kuanza kulia. Mwishowe alipanda juu ya kitanda, akaupasua wavu wa mbu wa dirishani kwa ncha ya bikari, akaita hadi mlinzi aliyekuwa getini akasikia na kwenda kumwamsha matroni. Kwa kadiri alivyokumbuka, tangu alipokwenda mlangoni hadi mlango ulipofunguliwa ilipita karibu nusu saa.

Mtoto alipelekwa zahanati usiku uleule, akapimwa kwa kipimo cha haraka na kukutwa na malaria, akaanzishiwa matibabu, na asubuhi ya siku ya pili joto lilikuwa limeshuka. Kambi haikumletea malaria. Vimelea huchukua kama wiki moja hadi mbili tangu mbu aume hadi homa ionekane, kwa hiyo inaelekea alikuja nayo kutoka nyumbani. Lakini hilo halipunguzi uzito wa mlango. Kama kile kilichotokea usiku ule kingekuwa moto badala ya homa, leo nisingekuwa na ruhusa ya mama yeyote kuandika.

Binti alirudi nyumbani akiwa amesifiwa na kila mtu. Kwa siku mbili hakuzungumza mengi. Siku ya tatu alikuja kwangu, akaniamkia, akakaa palepale alipokaa mama yake, akasema, "Mwalimu, nilidhani atafia mikononi mwangu, na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa." Nilikuwa nimejiandaa kumpongeza. Nilinyamaza.

Nimeupima uamuzi wetu mara nyingi tangu siku hiyo. Wapo walioniambia kosa lilikuwa kumpa binti wa miaka 16 jukumu. Siafiki. Hata viwango vya Marekani nilivyovitaja vinaruhusu msaidizi wa miaka 16, mradi awapite wale anaowaongoza kwa miaka miwili au zaidi, na mradi walezi walio wengi wawe wametimiza miaka 18. Alichokifanya usiku ule kinaonyesha kwamba alistahili kuaminiwa. Kosa lilikuwa kwamba nyuma yake hakukuwa na mtu. Mchana alikuwa msaidizi wa matroni. Kuanzia saa nne usiku aligeuka kuwa mtu mzima pekee ndani ya chumba kilichofungwa, bila ya yeyote kumwambia kwamba amepandishwa cheo. Mtoto mkubwa ana haki ya kutwishwa mzigo, kwa kuwa bila mzigo hakui, lakini mtu mzima anayemtwisha anapaswa kuwa umbali wa kuitwa kwa sauti ya kawaida.

Na mimi nilikuwa na nafasi ya kuliona. Niliuliza matroni ni nani. Sikuuliza kitanda chake kiko wapi wala ufunguo anaulaza wapi. Mtu mmoja tu aliuliza hivyo, naye ni bibi, ambaye tulimwona haelewi maana ya kambi. Kwake yeye "nani atalala nao" lilikuwa swali la mahali: mgongo wa nani utakuwa karibu na mgongo wa mtoto. Kwangu lilikuwa swali la jina na kitambulisho. Nilikwenda kumwomba radhi. Alinisikiliza, akasema, "Marahaba mwanangu, kaa ule," akanisogezea sahani ya ugali wa muhogo na migebuka ya kukaanga, na hakulizungumza tena.

Binti aliandika ukurasa mmoja kwa mkono, akauandika upya mara mbili, nasi tukaupeleka kwa mkuu wa kambi. Hakulalamika humo. Alieleza saa kwa saa, kisha akapendekeza mlango ufungwe kwa komeo la ndani, matroni alale bwenini, na viongozi wa makundi waonyeshwe siku ya kwanza ni nani wa kuamshwa na kwa njia gani. Mkuu wa kambi aliusoma mbele yetu akiwa amesimama, akaukunja na kuutia mfukoni mwa shati.

Mwaka uliofuata binti alikuwa kidato cha nne na hakwenda popote. Mdogo wake, akiwa na miaka 15, alisema safari hii anataka kwenda yeye, na sababu alizozitoa zilikuwa zake. Dada yake alikuwa amempeleka Katonga karibu kila Jumapili tangu mwezi wa tisa, hata akaweza kuogelea kutoka mtumbwi hadi mtumbwi bila kushika. Mama alikwenda kambini peke yake, bila kuniita. Kabla ya kutoa fedha aliomba aonyeshwe bweni la wavulana na mahali anapolala patroni. Walimwonyesha kitanda cha kwanza kutoka mlangoni, kikiwa na chandarua chake. Akalisukuma komeo mara mbili kwa mkono wake, akalisukuma tena, ndipo akafungua pochi.